Hofu Ikishika Spana

Fundi baiskeli yeyote wa Morogoro anaijua jioni ya kuamkia mbio. Kutwa nzima banda lake limehudumia wateja wa kila siku: muuza mkaa aliyekatikiwa na spoku, mama aliyeleta Phoenix ya mumewe izibwe pancha, mwanafunzi anayetaka kujaziwa upepo. Jua likishapoa ndipo wanapoanza kuja vijana wa mbio. Baiskeli zao zimeoshwa mpaka zinameta. Kila mmoja ana ugonjwa wa kueleza: hapa panalia, pale panagonga, breki ya nyuma kama imelegea, gia ya tatu kama inasita. Fundi anaigeuza baiskeli, anazungusha pedali, anatega sikio. Mara nyingi haoni kitu. Baiskeli ni nzima. Anayetetemeka ni mwenyewe.

Kisa ninachokisimulia nimekitunga kwa ajili ya kufundishia, nacho kimejengwa kwa mambo yanayowapata waendesha baiskeli wa barabara za vumbi kila mahali. Kijana wake hana jina kwa sababu si mtu mmoja. Lakini barabara anayopita ipo, mlima upo, na kila kinachoharibika mikononi mwake huharibika hivyohivyo katika baiskeli halisi.

Kijana huyu anakaa Kihonda. Baiskeli yake aliinunua Dar es Salaam, mtumba uliotunzwa vizuri: fremu ya alumini, breki za diski, gia 11 nyuma, tairi pana za milimita 40 zisizotumia tyubu. Kwa miezi kadhaa alijiandaa kwa bidii ya kweli. Alfajiri alipanda Morningside kabla ya kwenda kazini. Jumapili alipita Bigwa hadi Kiroka, au akashika barabara ya Iringa mpaka Mzumbe. Mbio alizojiandikisha zilikuwa za upande huo wa Iringa: lami hadi Sangasanga, kisha vumbi kupitia Mlali, halafu mlima wenyewe, Mgeta hadi Nyandira, na kurudi njia ileile. Mji wa Morogoro uko kama mita 500 juu ya usawa wa bahari. Nyandira iko juu ya mita 1,500. Anayetaka kujua barabara ile ina maana gani asiulize ramani, aulize madereva wa malori yanayoshusha kabichi, karoti na njegere kwenda masoko ya Dar es Salaam.

Mmoja wa madereva hao alikuwa mjomba wake. Kwa Waluguru, ambao ukoo wao hufuata upande wa mama, mjomba si mtu wa kusikilizwa kwa sikio moja. Mzee huyu aliendesha lori la mboga miaka mingi, na Alhamisi jioni kijana alipofika kwake na baiskeli, alikuwa barazani anakunywa chai.

"Mjomba, shikamoo. Nasikia kitu kinalia huku chini."

"Marahaba. Kinalia tangu lini?"

"Tangu leo. Au jana, sijui."

"Gia zinaingia?"

"Zinaingia."

"Breki zinashika?"

"Zinashika."

"Magurudumu yanazunguka bila kugusa popote?"

"Hayagusi."

"Basi, mpwa wangu, iache baiskeli. Mimi lori langu lilikuwa linafanyiwa sevisi mwanzo wa wiki. Siku ya safari nilikuwa naangalia maji, oili na upepo, basi. Gari lililofunguliwa usiku wa safari sikulipandisha Nyandira."

Kijana aliitikia vizuri, akaondoka, na hakusikia. Hapa pa kusimama kidogo, maana watu wengi hudhani kwamba kosa lake lilikuwa ukaidi. Sidhani. Kijana alikuwa amejaa nguvu ambayo haikuwa na pa kwenda. Siku mbili au tatu za mwisho mwili unapumzishwa, mazoezi yanapunguzwa, na miguu iliyozoea kazi inakaa bure. Moyo unaenda mbio umeketi. Tumbo linavurugika. Masikio yanakuwa makali kuliko kawaida, ndiyo maana mlio uliokuwepo mwezi mzima unasikika leo kwa mara ya kwanza. Hofu ya namna hii haikubali kukaa mikono mitupu, hutafuta kazi. Kwa mwendesha baiskeli, kazi iliyo karibu kuliko zote ni baiskeli yenyewe, imeegemea ukuta wa sebule, ina bolti nyingi za kufungua.

Ijumaa saa 12 jioni alianza na ule mlio. Alifungua krenki, akapaka grisi, akafunga, akazungusha. Bado unalia. Akafungua tena. Katika kufungua huko aliona cheni imechakaa, naye alikuwa na mpya kwenye kabati. Ni kweli ilikuwa imechakaa. Nusu pingili ya cheni ya baiskeli ina urefu wa nusu inchi, kwa hiyo ukiweka rula, pini ya 24 kutoka pini ya kuanzia hukaa inchi 12 kamili. Pini ya mwisho ikiwa imeipita alama ya inchi 12 kwa sehemu moja ya 16 ya inchi, cheni imerefuka kwa nusu ya asilimia, na kwa gia 11 hapo ndipo inapofaa kubadilishwa. Yake ilikuwa imepita hapo zamani. Jambo ambalo hakulijua ni kwamba cheni na kaseti, yale meno ya gia za nyuma, huchakaa pamoja. Meno ya kaseti yalikuwa yameshaliwa kuifuata ile cheni ndefu, na vitu viwili vilivyochakaa pamoja hufanya kazi pamoja bila ugomvi. Cheni mpya, yenye vipimo vyake sahihi, haikai kwenye meno yaliyoliwa. Ukiizungusha kwa mkono utaona imekaa. Ikikanyagwa kwa uzito wa mtu mlimani, inaruka.

Akazungusha kwa mkono, akaona imekaa.

Kisha akapulizia oili kwenye cheni, gurudumu likiwa mahali pake. Kwa kawaida alikuwa akitia tone moja moja kwenye kila pini na kufuta kwa kitambaa, lakini usiku ule alikuwa na haraka, na kopo la kupulizia lilikuwa karibu. Ukungu wa oili haukai kwenye cheni peke yake. Sehemu ilitua juu ya diski ya breki ya nyuma, nyembamba kiasi cha kutoonekana kwa taa ya sebuleni. Alipobana breki ikapiga kelele. Kelele ile ikamtisha zaidi, akaona pedi nazo zimekwisha, akaziondoa za mbele na za nyuma, akaweka mpya.

Pedi mpya hazishiki siku ya kwanza. Zinahitaji kuzoeshwa: unakwenda kasi ya wastani, unabana breki taratibu lakini kwa nguvu mpaka unakaribia kusimama, unaachia, unarudia mara 20 hivi, mpaka vumbi la pedi lipake uso wa diski tabaka jembamba la kushikia. Kabla ya hapo, breki iko lakini nguvu yake haipo. Na zikigusa diski yenye oili, zinainywa oili hiyo, hata mazoea hayaziponyi tena. Mtu anayejua atazifanyia zoezi hilo barabarani mchana. Saa 3 usiku, ndani ya nyumba, haiwezekani.

Nafikiri angeweza bado kuokoka kama angelala wakati huo. Lakini jambo moja lililofunguliwa hufungua jingine. Rafiki yake alimpigia simu kumwambia kwamba Mgeta imenyesha. Ni kawaida, mawingu yanayogota milima ya Uluguru yanatoka baharini, na mlimani hunyesha hata siku ambazo Kihonda vumbi linatimka. Tairi alizofungia mazoezi yote zilikuwa na meno madogo, na kijana akaona zitateleza kwenye udongo mwekundu. Alikuwa na nyingine, mpya, zenye meno makubwa. Wazee wetu wana neno kwa ajili ya saa hiyo: usiache mbachao kwa msala upitao. Yeye aliuacha mbachao saa 4 usiku.

Tairi isiyotumia tyubu haikai kwenye ringi kwa pampu ya mkono, isipokuwa kwa bahati. Inataka upepo mwingi kwa mkupuo mmoja ili kingo zake zirukie kwenye mfereji wa ringi na kuziba. Ikabidi apande bodaboda hadi Msamvu, magurudumu mawili mapajani, kutafuta mtambo wa upepo wa wanaoziba pancha za magari. Msamvu usiku hailali, akapata. Tairi zikapiga mlio, zikakaa. Lakini dawa nyeupe ya kuzibia ndani ilimwagika nusu, naye hakuwa na ya kuongeza. Alirudi Kihonda saa 6 usiku kasoro, akafunga magurudumu, na wakati anaigeuza baiskeli isimame ikamponyoka, ikaangukia upande wa kulia, upande wa gia.

Haikuonekana kuumia. Akaifuta, akaiegemeza, akalala saa 7 na saa ya kuamka iko saa 10.

Kwenye anguko hilo ndiko kisa kizima kinakoelekea. Nyuma ya baiskeli ya gia nyingi kuna mkono unaohamisha cheni kutoka jino dogo kwenda kubwa. Waendeshaji huuita direla. Direla haifungwi moja kwa moja kwenye fremu. Kati yake na fremu kuna kipande kidogo cha alumini laini, hanga, ambacho kazi yake ni kupinda au kuvunjika ili fremu isivunjike. Kila aina ya fremu ina hanga yake, na ya baiskeli moja haiingii kwenye nyingine. Fundi wetu wa mtaani anaweza karibu kila kitu: atanyoosha ringi, atachomelea keria, atabuni beringi, atachonga pini kwa msumari. Hanga hawezi kuibuni. Kijana alikuwa na tyubu za akiba, cheni ya akiba, pedi za akiba, tairi za akiba. Hanga ya akiba, kitu cha gramu chache ambacho hakibadilishwi na chochote, hakuwa nayo. Hofu ilikuwa imemnunulia vile vinavyoonekana dukani.

Mbio zilianza saa 12 asubuhi. Kwenye lami hadi Sangasanga hakuna kilichotokea, kwa sababu kwenye tambarare hakuna kinachodaiwa sana. Alikuwa na furaha hata ya kuwapungia mkono wanafunzi wa Mzumbe. Baada ya Mlali, barabara ilipoanza kuinuka, alisimama juu ya pedali, na cheni ikaruka. Ilirudia. Kila alipokanyaga kwa nguvu kwenye gia alizozizoea, mguu ulianguka mtupu na kifua kikagonga usukani. Akajifunza kukanyaga kidogokidogo, ameketi, kwenye gia zile ambazo zamani hakuzitumia sana na kwa hiyo meno yake hayakuliwa. Hizo ndizo kubwa kabisa, zilizo karibu na spoku. Na huko ndiko hanga iliyopinda inakoileta direla mahali isipotakiwa kufika.

Juu ya Mgeta, mahali barabara inapokata kona kando ya matuta ya mboga, direla iliingia kwenye spoku. Mlio wake ni wa mara moja. Hanga ilikatika, spoku mbili zikaenda nayo, gurudumu likakwama, naye akajikuta amesimama, mguu mmoja chini, hajaanguka, kwa sababu alikuwa anapanda. Akina mama waliokuwa wakipalilia walimpa pole wakamwonyesha fundi wa pale kijijini, ambaye mteja wake mkubwa ni baiskeli ya kubebea viazi.

Fundi yule alimfanyia jambo la maana. Aliondoa direla yote, akakata cheni, akaifunga fupi juu ya jino moja la kati lililonyooka na gia ya mbele, ikawa baiskeli ya gia moja, kama zile anazozijua. Spoku akazifunga kando. "Utapanda kwa kukokota," alimwambia, "lakini kuteremka utateremka." Kisha akabana breki ya nyuma kwa kiganja, akasukuma baiskeli mbele, na gurudumu likaendelea kuzunguka. Akaigusa diski kwa kidole na kukinusa. "Hii ina mafuta. Usiteremke nayo."

Tuhesabu kidogo kile ambacho fundi alikuwa anamwepusha nacho. Kijana na baiskeli yake na maji yake wana kilo 80 hivi. Kuteremka mita 1,000 za kimo kunaachia nguvu ya karibu kilojuli 780, ambayo ikigeuka yote kuwa joto inatosha kuchemsha zaidi ya lita 2 za maji ya kawaida. Upepo huchukua sehemu yake, zaidi ukienda kasi. Kwenye mteremko mkali wenye kona na makorongo, ambako huwezi kwenda kasi, sehemu kubwa lazima ipite kwenye vipande viwili vya chuma vyembamba na pedi ndogo kama vidole. Mjomba alikuwa akiteremka Nyandira kwa gia nzito na mguu umepumzika, maana lori lina injini ya kulizuia. Baiskeli haina injini ya kuizuia. Breki ndizo pekee.

Sipendi kutisha watu, lakini hili lisemwe. Tarehe 27 Agosti 2022, Suleiman Kangangi wa Kenya, ambaye wenzake walimwita Sule, nahodha wa Timu Amani, alifariki baada ya kuanguka akiwa kwenye mwendo wa kasi katika mbio za barabara za vumbi huko Vermont, Marekani. Alikuwa na miaka 33. Alikuwa miongoni mwa watu waliowafungulia vijana wa Afrika Mashariki mlango wa mbio za aina hii. Mwaka mmoja kabla, Juni 2021, yeye na wenzake walianzisha Migration Gravel Race, mbio za siku 4 katika nchi ya Wamasai ya Kenya, ili wapanda baiskeli wetu wakutane na wageni nyumbani kwao. Simtaji ili kubuni sababu ya ajali yake. Namtaja kwa sababu alikuwa stadi kuliko karibu kila atakayesoma hapa, na barabara ya vumbi haikumheshimu kwa hilo. Kama mteremko unaweza kumchukua Sule, hakuna mwenye ruhusa ya kuukabili kwa pedi zilizofungwa jana usiku.

Kijana aliteremka kwa miguu, baiskeli mkononi, mpaka alipokutana na lori la mboga likampa lifti. Mbio hazikumtambua.

Nyumbani, baada ya wiki, alipata chanzo cha ule mlio. Haukuwa kwenye krenki. Ulikuwa kwenye nguzo ya kiti, mahali inapoingia kwenye fremu: vumbi kavu. Kitambaa na grisi kidogo viliumaliza. Kama angeenda nao hadi Nyandira na kurudi ungelia njia nzima na usingemzuia hata hatua moja.

Sasa, kuna atakayenijibu kwa methali nyingine, na ana haki: usipoziba ufa utajenga ukuta. Je, mtu aone kasoro anyamaze kwa sababu mbio ni kesho? Hapana. Ufa upo wa kuzibwa hata saa 8 usiku. Usukani ukicheza, uufunge. Foki ikiwa na ufa, usipande kabisa. Tairi ikiwa imechanika ubavuni hadi nyuzi zinaonekana, ibadilishe, na kama huna, omba. Breki isiyoshika haingoji asubuhi. Maswali ya mjomba yalikuwa yanapima hilo: kinachokubeba, kinachokusimamisha, kinachokupeleka. Kasoro ikigusa mojawapo, ina haki ya usiku wako. Mlio, alama ya mchubuko, gia inayosita kidogo na kuingia, kiti unachodhani kimeshuka milimita mbili, hivyo vina haki ya Jumatatu baada ya mbio.

Na katika hayo ya lazima, ujuzi unaotumika usiku huo ni ule uliokuwa nao kabla. Eugène Christophe wa Ufaransa, katika Tour de France ya 1913, alivunjikiwa na foki ya mbele akiteremka mlima Tourmalet. Kanuni za siku hizo zilimtaka kila mtu ajitengenezee mwenyewe. Aliibeba baiskeli kwa miguu zaidi ya kilomita 10 hadi kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan, akaingia kwenye karakana ya mhunzi, akaiunganisha foki kwa moto na nyundo, waamuzi wakimtazama. Waamuzi walimwongezea dakika za adhabu kwa sababu mtoto mmoja alimsaidia kuvukuta mivukuto. Alimaliza wa 7 mjini Paris. Watu husimulia kisa hicho kwa ajili ya ukali wa adhabu. Mimi naona jambo jingine: Christophe alikuwa amejifunza ufundi wa makufuli na vyuma kabla hajawa mwendesha baiskeli. Mlimani alikwenda na mikono inayojua. Kijana wetu alijifunza kubadilisha pedi kwa video ya simu saa 3 usiku, na mikono yake ilikuwa inatetemeka.

Kule Kikuyu nje ya Nairobi, David Kinjah, ambaye ndiye aliyemfundisha baiskeli mwanambio mashuhuri Chris Froome alipokuwa kijana, amelea vijana wengi katika kikundi chake cha Safari Simbaz, na kwake kupanda na kutengeneza hufundishwa pamoja. Anayeweza kuifungua baiskeli yake yote mchana mtulivu, akaifunga tena, haamini kila mlio anaousikia akiwa na hofu. Anajua ndani mna nini. Mwenye kujua huwa na hofu pia, ila hofu yake haimpeleki kabatini.

Kwa hiyo hesabu ya kweli ni ya tarehe. Cheni na kaseti hubadilishwa kwa pamoja, wiki tatu kabla, ili zipate kilomita mia mbili au tatu za kuzoeana chini ya miguu yako, na zipande mlima mmoja mzito mkiwa bado mna muda wa kugombana. Tairi wiki mbili kabla, pamoja na dawa mpya ndani yake. Katika joto la kwetu dawa hiyo hukauka mapema, miezi michache tu, na mtu anaweza kwenda mbio akidhani anayo kumbe ana utando mkavu. Pedi wiki moja, zizoeshwe kwenye mteremko unaoujua. Hanga ya akiba inaagizwa Dar es Salaam au nje mwezi mzima kabla, maana hiyo ndiyo itakayochelewa. Siku tano za mwisho unafuta, unajaza upepo, unatia tone la oili, unakaza kilichopo. Kipya hakiingii.

Inabaki mikono. Kumwambia mtu mwenye hofu atulie hakujawahi kusaidia, na mjomba, kwa busara zake zote, alikosea hapo: alimwondolea kijana kazi bila kumpa nyingine. Mikono ipewe kitu ambacho haiwezi kukiharibu. Ipange nguo kitandani kwa utaratibu wa kuzivaa. Ichemshe maji, ijaze chupa. Ipike wali wa kesho alfajiri, chakula ambacho tumbo linakijua, si kile kipya ulichosifiwa jana. Iandike kwenye karatasi mahali pa kujaza maji: Mlali, Mgeta, Nyandira. Usiku huo usingizi huwa haba kwa karibu kila mtu, na haifai kuupigania. Usingizi wa usiku kadhaa kabla ndio unaoubeba mwili, na kulala chali gizani ukiwa macho bado ni mapumziko. Lililomchosha kijana kuliko kukosa usingizi ni kupiga magoti sakafuni saa sita nzima na kupanda bodaboda mbili za Msamvu.

Mwaka uliofuata alijiandikisha tena, njia ileile. Hanga mbili zilikuwa kwenye mfuko wa kiti, zimefungwa kwa kitambaa. Jumapili, siku sita kabla ya mbio, alikichukua kisanduku chake cha spana na makopo yake yote, akakipeleka kwa mjomba na kumwomba akitunze. Alibaki na pampu, spana ndogo za pembe sita na kitambaa. Ijumaa saa 3 usiku alipiga hodi. Alisema amesikia kitu kinagonga upande wa mbele, anakiomba kisanduku kwa dakika kumi tu. Mjomba alimkaribisha, akamuuliza yale maswali yake matatu, na majibu yakawa yaleyale. Kisha akampa kisu na fungu la ndizi za Kinole, akamwambia azimenye zote, ziwe za kesho.